MALI BILA DAFTARI

Mhariri wetu aliniomba niandike maoni juu ya jambo lolote linaloikera nafsi yangu. Nilifikiri kuandika juu ya uhaba wa maji, nikaona wenzangu watauandika vizuri kuniliko. Nikafikiri juu ya kuchelewa shuleni, nikaona hapo nitajisema mwenyewe. Basi nimeamua kuandika juu ya daftari. Tena si daftari la hesabu, ni daftari la nyimbo. Msicheke kwanza. Someni hadi mwisho kisha mcheke, kama bado mtakuwa na hamu ya kucheka.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeitumia katika insha tangu shule ya msingi, aghalabu tukizungumza juu ya mwenye duka na wadeni wake. Mimi nilikuja kuielewa nikiwa Kidato cha Kwanza, jikoni kwetu hapa Matinyani, magoti yangu yakiwa chini na macho yamejaa moshi.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kuni zote zilikuwa zimelowa chepechepe. Mama alikuwa ameenda kupalilia pojo, nami nikaachiwa kazi ya kuinjika muthokoi. Nilipuliza moto hadi mashavu yakauma. Wapi! Moshi tu. Ndipo nilipoona kiondo kikuukuu kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na ndani yake mlikuwa na daftari lisilo na jalada, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Nikajiambia, haya ni matakataka. Nikachana karatasi moja, nikachana ya pili, ya tatu. Moto ukawaka vizuri ajabu. Kufikia wakati susu alipoingia, nilikuwa nimekwisha kuteketeza zaidi ya nusu ya daftari.

Kwa wale wasiojua, susu ni jina tunalomwita nyanya sisi Wakamba. Susu hajui kusoma, lakini daftari lile alilijua. Aliniuliza kwa upole, "Hizo karatasi umezitoa wapi?" Nikamwonyesha kiondo. Akakaa kwenye kigoda, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hizo zilikuwa nyimbo zetu. Umau wako aliziandika." Hakunichapa. Hata mama hakumwambia. Laiti angalinichapa!

Baadaye ndipo nilipopata habari kamili. Katika ujana wake susu alikuwa ngui, yaani yule anayetunga nyimbo na kuziongoza wenzake wakiitikia. Alitunga myali, zile nyimbo za kusema watu na kusema mambo: mvivu aliyeuza mbuzi wa babake, mwaka wa njaa, kijana aliyerudi kutoka Nairobi akijifanya amesahau Kikamba. Umau, yaani babu, alikuwa amesoma hadi darasa la nne tu. Jioni susu akiimba, yeye aliandika. Umau alifariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nilichochoma kilikuwa sauti ya mmoja na mkono wa mwingine, ili muthokoi ichemke.

Kurasa zilizosalia ni 19. Ninazo hadi leo.

Sasa nawaomba, wasomaji wapenzi, tutoke Matinyani twende Italia. Msiogope, nitawarudisha kabla ya kengele kulia. Kilichonipeleka huko ni wimbo. Muhula uliopita mwalimu wetu wa muziki alikuwa akiifundisha kwaya wimbo wa Kilatini uitwao Gloria. Wengi wenu mmeusikia, kwa maana hata kwaya za makanisa huuimba wakati wa Krismasi. Uliandikwa na padri mmoja wa mji wa Venice jina lake Antonio Vivaldi, aliyezaliwa mwaka wa 1678. Inasadikiwa aliuandika yapata mwaka wa 1715, kwa ajili ya wasichana wa Pietà, nyumba ya kulelea watoto walioachwa na wazazi wao. Mwalimu alipotuambia hayo, wasichana wa sauti ya kwanza walijipanga vizuri zaidi. Lakini aliongeza neno moja lililonichoma kama msumari: kwa karibu miaka 200 wimbo huo haukuimbwa na mtu yeyote, kwa sababu karatasi zake zilikuwa zimefungiwa mahali na kusahauliwa. Nilishtuka. Nikamfuata mwalimu baada ya kipindi, naye akanipa vitabu vya kusoma. Haya ninayoyaeleza nimeyapata humo.

Katika karne ya 18 Waitaliano walipenda mno opera. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake huimba badala ya kusema maneno ya kawaida. Kila msimu jumba la maonyesho lilitaka opera mpya, kama vile sisi tunavyotaka wimbo mpya kila mwaka wa mashindano. Maneno ya opera yalipigwa chapa katika vijitabu vidogo, vikauzwa kwa watazamaji. Lakini muziki wenyewe, zile noti, mara nyingi haukupigwa chapa, maana kazi hiyo ilikuwa ghali. Muziki ulinakiliwa kwa mkono. Walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa hiyo tu, kukaa na kalamu na wino wakinakili nyimbo ukurasa baada ya ukurasa. Msimu ukiisha, karatasi zilitupwa kabatini, na opera nyingine ikaanza.

Je, matokeo yake yakawa nini? Huyo Vivaldi, katika barua aliyoiandika mwaka wa 1739, alisema ametunga opera 94. Labda alijisifu kidogo, kama wasanii walivyo. Zinazojulikana kwa majina ni kama 50. Na zile ambazo muziki wake umesalia ni kama 20 tu, nazo nyingine zina mapengo. Kwa nyingi za zile zilizopotea, kijitabu cha maneno kipo lakini sauti haipo. Yaani mtu anaweza kusoma leo mhusika alisema nini alipokuwa akilia jukwaani, lakini asijue alilia kwa sauti gani. Naomba mlikumbuke jambo hilo, kwa sababu nitalirudia.

Vivaldi alifariki mwaka wa 1741 katika mji wa Vienna, akiwa maskini. Karatasi zake zilinunuliwa na tajiri mmoja wa Venice, zikaingia katika mikono ya watu wengine, mwishowe zikawa za ukoo wa Durazzo wa mji wa Genoa. Huko ziligawanywa kama shamba la urithi. Nusu moja ikaenda kwa ndugu mmoja, nusu nyingine kwa ndugu mwingine. Nusu ya kwanza ilifika katika shule ya bweni ya mapadri Wasalesiani, katika sehemu iitwayo Monferrato. Naam, shuleni, kwa wanafunzi kama sisi!

Mwaka wa 1926 shule hiyo ilihitaji pesa za kurekebisha majengo. Mkuu wa shule akakumbuka kuna vitabu vya zamani vya muziki, akaonelea viuzwe. Ili asipunjwe bei, aliiuliza Maktaba ya Taifa ya mji wa Turin. Maktaba ikampa kazi mwalimu wa Chuo Kikuu cha Turin, Alberto Gentili, avitazame vitabu hivyo. Kati ya vitabu 97, alikuta 14 vya Vivaldi. Tafakari, msomaji! Vitabu hivyo vingeuzwa kimoja kimoja kwa wachuuzi wa vitu vya kale, leo tungekuwa na nini? Maktaba yenyewe haikuwa na pesa. Gentili akamtafuta mfanyabiashara mmoja, Roberto Foà, aliyekuwa amefiwa na mtoto mchanga. Foà akavinunua na kuipa maktaba kwa kumbukumbu ya mwanawe. Gentili akaona dalili kwamba mkusanyiko ule ni nusu tu. Akaufuata ukoo wa Durazzo hadi akaipata nusu ya pili, na mwaka wa 1930 mfanyabiashara mwingine, Filippo Giordano, ambaye pia alikuwa amefiwa na mtoto wake mdogo, akanunua vitabu 13 vya Vivaldi. Jumla vikawa 27, navyo vimo Turin hadi leo. Ndani yake mlikuwa na opera, nyimbo za kanisani, na ile Gloria. Septemba 1939, katika mji wa Siena, iliimbwa tena hadharani.

Sasa niruhusuni niseme maoni yangu, maana mhariri aliomba maoni na si somo la historia. Naona kwamba wimbo hauokolewi na aliyeutunga peke yake. Wimbo una watu wanne: anayeutunga, anayeuandika, anayeutunza, na anayeufungua tena akauimba. Akikosekana mmoja, wimbo umekwisha. Susu alitunga. Umau aliandika. Kiondo kilitunza. Nami niliyepaswa kufungua, nikawasha moto.

Najua kuna msomaji anayesema moyoni, "Hayo ni ya Wazungu, sisi mambo yetu yalikuwa ya mdomo." La hasha! Hapa Kenya hii hii, katika karne ile ile, watu walikuwa wakiandika nyimbo kwa mkono. Mwaka wa 1728, Vivaldi akiwa bado anaandika opera, Mwengo wa Athumani wa kisiwa cha Pate alitunga Utendi wa Tambuka, wenye beti zaidi ya 1,000, ukaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Na utendi, kama alivyotufunza mwalimu wetu wa fasihi, haukutungwa usomwe kimya kimya kama gazeti. Uliimbwa. Kule Lamu baadaye aliishi mtu aitwaye Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa yapata mwaka wa 1855 na kufariki mwaka wa 1945. Alikuwa fundi wa kuchonga, mpiga kinanda, mtunzi, na juu ya yote alikuwa na mwandiko mzuri mno. Watafiti wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimtegemea awanakilie tungo za zamani. Ule Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama huyo aliutungia binti yake yapata mwaka wa 1858, ni mmojawapo wa tungo zilizopita mikononi mwake. Mnaona basi? Venice walikuwa na wanakili wao, na Lamu ilikuwa na Kijuma wake.

Aidha, tusimsahau Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Muyaka bin Haji, yule malenga tunayemtaja kila tukisoma ushairi, alifariki yapata mwaka wa 1840. Mashairi yake yalibaki midomoni mwa watu. Miaka mingi baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliwaendea waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika, akayapa maelezo, akimsaidia mmishonari William Taylor. Sikujua alifariki mwaka wa 1890. Diwani ya Muyaka ikaja kupigwa chapa mwaka wa 1940. Bila kalamu ya Sikujua, malenga mkuu wa Mombasa huenda tungemjua kwa jina tu. Na zingatia, msomaji, kwamba Sikujua hakungoja aokote daftari la Muyaka. Alitumia kumbukumbu za watu walio hai. Jambo hilo ndilo lililonipa moyo mimi niliyechoma daftari.

Je, miswada hiyo iko wapi leo? Mingi imo London, katika maktaba ya chuo kiitwacho SOAS, na mingine imo Ujerumani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mkusanyiko wake mkubwa, wa miswada na kanda za sauti, uliokusanywa hasa katika miaka ya 1960. Hata sisi Wakamba tumo katika safari hiyo. Mswidi mmoja, Gerhard Lindblom, aliishi Ukambani mwaka wa 1911 na 1912, akaandika vitendawili, methali na nyimbo zetu, na mwaka wa 1934 zikatolewa katika kitabu huko Uswidi. Kwa maneno mengine, anayetaka kujua susu wa susu yangu aliimba nini, huenda akapata jibu Ulaya kabla ya kulipata Matinyani.

Wenzangu wawili nilipowasimulia habari hii waligombana. Mmoja alisema Wazungu walituibia. Mwingine alisema walitusaidia, kwani zingebaki hapa zingeliwa na mchwa. Mimi nasema wote wawili wana haki kiasi. Ni kweli kwamba London zimetunzwa, na siku hizi picha za baadhi ya miswada hiyo zinaonekana hata kwa intaneti. Tuwashukuru. Lakini kumshukuru jirani aliyekuwekea ng'ombe si sababu ya kutojenga zizi lako. Tena sitamlaumu Mwingereza kwa karatasi zangu. Zangu hakuzichukua Mwingereza. Nilizichoma mimi.

Pingamizi la pili ni la simu. "Kwa nini tuandike? Tutarekodi na simu, mambo kwisha." Hoja hii ina nguvu, na sitaipuuza. Si niliwaambia kuwa opera nyingi za Vivaldi maneno yapo na sauti haipo? Hata tendi za Lamu ni hivyo hivyo. Maneno yaliandikwa, lakini mahadhi hayakuandikwa. Kwa hiyo maandishi peke yake ni nusu ya wimbo. Sauti ni muhimu. Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay mwaka wa 1928, akaimba nyimbo za Kiswahili zikanaswa kwenye sahani za santuri, na ndiyo sababu sauti yake inasikika hadi leo, miaka mingi baada ya kifo chake mwaka wa 1950. Lakini ebu tuulizane kwa ukweli: simu ya baba yako ya miaka mitano iliyopita iko wapi? Na zile video za harusi ya dada yako? Simu huanguka majini, huibwa, hujaa, hufutwa ili apate nafasi ya kitu kingine. Karatasi za Vivaldi zina umri wa karibu miaka 300 na bado zinasomeka bila betri. Kwa hivyo nasema tufanye yote mawili. Tuandike na turekodi.

Pingamizi la tatu nililisikia kwa rafiki yangu mmoja mkereketwa wa masomo: "Haya hayatahiniwi katika KCSE." Rafiki yangu, fasihi simulizi inatahiniwa! Unaulizwa sifa za nyimbo, unaulizwa umuhimu wa mtunzi katika jamii, unakariri majibu kutoka kwenye kitabu cha mwongozo, na ngui mwenyewe ameketi nyumbani kwenu akichagua mawe kwenye pojo. Kumbe maktaba tunayo, ila ina miguu na inazeeka.

Kuna na wale wanaosema nyimbo hizo ni za kishenzi, eti mtu aliyeokoka hapaswi kuzigusa. Hapa nitasema kwa heshima, maana wazee wa kanisa nao husoma jarida hili. Si kila wimbo wa zamani unafaa kuimbwa popote. Ziko nyimbo za matanga, ziko za ngoma ya kilumi ya kina mama wazee, ziko ambazo susu mwenyewe alikataa kuniimbia akisema, "Hizi si za watoto." Nilimheshimu, na sikuziandika. Lakini wimbo unaomcheka mvivu una dhambi gani? Wimbo wa mwaka wa njaa ni historia. Tena hata hao Waitaliano, opera zao zilijaa miungu ya kale ya Warumi na Wayunani, na mtungaji wao alikuwa padri.

Baada ya kulaumu, sharti nitoe njia. Natoa mapendekezo haya kwa Chama cha Kiswahili, na namwomba Mwalimu mlezi ayafikirie.

Kwanza, kila mwanachama amtafute mzee mmoja wa kwao, amwombe ruhusa, na aandike nyimbo zake walau tano kabla ya mwisho wa muhula ujao. Shule yetu ni ya kutwa. Kila jioni tunarudi nyumbani. Wenzetu wa shule za bweni hawana bahati hiyo. Sisi wazee wetu tunawaona kila siku.

Pili, daftari lipangwe vizuri. Ukurasa wa kushoto uwe na maneno ya Kikamba kama yalivyoimbwa, na ukurasa wa kulia uwe na maana yake kwa Kiswahili. Chini yake paandikwe jina la mtunzi, jina la aliyeimba, kijiji, aina ya ngoma, kisa cha wimbo na tarehe. Tufanye kama Mwalimu Sikujua, tusiandike shairi bila kueleza lilizaliwaje. Na jina la mtunzi lisikosekane, maana wimbo ni jasho la mtu.

Tatu, wenzetu wa kwaya watusaidie kuandika sauti kwa solfa, ile do re mi wanayoisoma kila siku. Nyumbani turekodi kwa simu za wazazi. Hivyo hatutaachiwa kijitabu cha maneno kisicho na sauti.

Nne, ziwe nakala mbili. Moja ibaki nyumbani kwa mzee mwenyewe, nyingine ikae katika maktaba ya shule, kwenye kabati lenye kufuli na miguu yake iwekwe juu ya mawe, kwa sababu mchwa wa hapa kwetu mnawajua. Vitabu vya Vivaldi viligawanywa mahali pawili, vikakaribia kupotea kwa kuwa kila mahali palikuwa na nusu. Sisi kila mahali pawe na kizima.

Tano, na hili ndilo kubwa, kila mkutano wa chama uanze kwa kufungua daftari na kuimba wimbo mmoja. Kabati lililofungwa miaka 200 si maktaba, ni kaburi lenye vumbi. Hata ile shule ya Monferrato ilikuwa na hazina ile ndani ya majengo yake, na wanafunzi walipita karibu nayo wakienda kula.

Mimi nimekwisha kuanza. Kila Jumapili baada ya ibada nakaa na susu chini ya mwembe. Namsomea zile kurasa 19 zilizosalia, naye ananisahihisha. "Hapo umau wako alikosea," huniambia, "niliimba hivi." Za kwenye kurasa zilizoungua tumepata 14 kutoka kichwani mwake. Nyingine huanza vizuri, akafika katikati, akasimama. Hufumba macho, akapiga vidole vyake gotini akiutafuta. Wakati mwingine huupata. Jumapili iliyopita alitafuta ule wa mwaka wa njaa. Mstari wa kwanza ulikuja, wa pili ukaja, halafu akafungua macho akaniuliza, "Kwani pale paliandikwa nini?"

Nilishindwa kumjibu.

Ndugu zangu, nanyi mnao susu zenu na umau zenu. Daftari la kurasa 96 halishindi nauli ya kwenda Kitui mjini. Nawasihi mlinunue mapema. Na ukikuta daftari kuukuu nyuma ya mlango siku kuni zimelowa, tafadhali, kabla ya kuchana, soma.

Kalamu yangu naiweka chini kwa leo. Wenye maoni tofauti wayaandike katika toleo lijalo. Nitayasoma kwa furaha.